Samaki wa Mawe

Sisi wa Buyenzi, Bujumbura, tunalijua ziwa Tanganyika kwa samaki wa mukeke na ndagala. Mimi nampenda asiyefika sokoni: Eretmodus cyanostictus, samaki wa sentimita 8 hivi. Ukishika barabara ya Rumonge, mchanga wa Bujumbura huachia mawe, na huko, kwenye maji ya magotini yanayopigwa na mawimbi, ndiko samaki wa jamii yake wanakokaa. Kibofu chake cha hewa ni kidogo mno, hivyo haelei. Huruka-ruka juu ya mawe. Macho yako juu kichwani, mdomo umeinama, na meno yake hukwangua mwani. Jike hutunza mayai mdomoni, kisha dume hupokea watoto mdomoni mwake. Malezi ya namna hiyo nayaheshimu.

Umbo hilo ni la samaki wa sakafu ya bahari kabisa. J.E.S. Moore, Mwingereza aliyechunguza Tanganyika miaka ya 1890, alishikilia kwamba ziwa letu lilikuwa mkono wa bahari, akalitetea wazo hilo kitabuni mwaka 1903. Halikusimama: samaki huyu ni ndugu wa sato, na mawimbi ndiyo yaliyomchonga. Mtaalamu Boulenger wa London alikuwa amemweleza kisayansi mwaka 1898. Mwaka 1950 Max Poll, Mbelgiji, alimweleza nduguye, Tanganicodus irsacae, jina litokanalo na IRSAC, taasisi iliyokuwa na kituo Uvira, ng'ambo tu.

Miaka ya 1970 Pierre Brichard aliwasafirisha samaki wa ziwa hili wakiwa hai kutoka Bujumbura hadi Ulaya na Marekani. Leo ninachokiogopa ni udongo: milima ikikatwa miti, mvua huushusha, nao hufunika mwani anaoula samaki wangu.