Theluji Tuliyoiita Baridi

Kiswahili kina maneno mawili ya kitu hiki, na yote mawili yalikuja kwa bahari. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko kwao neno hilo ni theluji yenyewe, ile inayodondoka kutoka angani. Lilipofika pwani yetu halikukuta kitu cha namna hiyo, likakaa linasubiri kazi, mpaka zilipokuja mashine za kugandisha maji. Kwa hiyo mtoto wa Temeke anayenyonya barafu ya ubuyu kwenye kimfuko cha nailoni nje ya geti la shule, mdomo mwekundu, amelishika mkononi neno la theluji. Hana habari, na wala halimhusu. Yeye anawaza kengele isigonge kabla hajamaliza.

Mimi nimekulia Moshi, na theluji ilikuwa vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kule juu, Kibo, na tulikiulizia asubuhi kama unavyomuulizia mgonjwa: mlima umetoka leo? Ukitoka, bibi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akautazama kidogo, halafu ndiyo siku ikaanza. Cha pili kilikuwa ndani ya friji la jirani, lile la zamani lenye mlango mzito, ambalo liliota ukungu mweupe mnene kwenye friza. Tulikuwa tunaukwangua kwa kijiko na kuula hivyo hivyo, una ladha ya samaki na chuma. Cha tatu kilikuwa pamba. Kila Desemba watu wazima walichana pamba ya dukani wakaiweka juu ya mti wa Krismasi, wakati nje ya dirisha, kama mawingu yameondoka, theluji ya kweli ilikuwa inaonekana bila kulipia. Sijawahi kusikia mtu akilicheka jambo hilo.

Nimeanza na haya kwa sababu historia ya theluji ya Kilimanjaro, jinsi inavyosimuliwa vitabuni, huanza na mtu mwingine kabisa. Johannes Rebmann alikuwa Mjerumani, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, kijana wa miaka 28. Mwezi Aprili 1848 aliondoka kwenda Uchagani akiongozana na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara wa pwani, pamoja na wapagazi wachache. Inasemekana silaha yake ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima akamuuliza kiongozi wake ni nini kile. Akajibiwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwenye shajara yake kwamba yeye hakuwa na shaka, ile ni theluji.

Hapo ndipo vitabu vingi vinampa Rebmann ushindi. Mwenyeji hakujua jina, mgeni akalijua. Mimi naona tofauti. Rebmann alizaliwa Gerlingen, jirani na Stuttgart, mahali ambapo theluji humwangukia mtoto kichwani. Alichokifanya siku ile kilikuwa kukumbuka. Na yule kiongozi naye alikuwa anaeleza alichokijua: watu wa pwani hawakuwa na haja ya neno la kitu kinachoanguka, lakini walijua kwamba ukipanda kule kitu kile kitakuumiza kwa baridi. Wachagga wenyewe walikuwa na jina lao, Kibo, na walijua kwamba ule weupe ukikaribia moto unakuwa maji. Wamisionari hao hao walisimuliwa kisa cha mtawala wa zamani aliyetuma watu wakachunguze kama kile ni fedha. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Mtu mwenye vidole vilivyokufa kwa ganzi haambiwi kwamba hajui theluji.

Waliokuwa hawajui walikuwa London. Taarifa ya Rebmann ilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta! Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na ramani, maandishi ya kale na ujeuri wa kutosha, na alishikilia msimamo wake miaka na miaka, hata baada ya Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, kuuona mlima huo huo. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia usiku. Cooley bado akakataa. Rebmann mwenyewe alikaa huku karibu miaka 29, akawa kipofu, akarudishwa kwao mwaka 1875 na kufa mwaka uliofuata. Huwa nafikiria hilo zaidi kuliko ule ubishi: kwamba mwishoni alichobaki nacho ni theluji mbili za kichwani, ya utotoni na ya Mei 1848.

Halafu kuna mtu ninayempenda kuliko wote hawa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na hayo kila mtu anayajua. Wachache wanamtaja Mwini Amani wa Pangani. Wapagazi wengine waliporudishwa chini, yeye alibaki kwenye kambi ya juu, mita elfu nne na ushee, akilinda hema na kupika wakati wazungu wawili wakipanda na kushuka. Mtu wa Pangani! Mji wa minazi na joto la mto. Alikaa kule siku nyingi, nyakati nyingine peke yake, maji yakiganda. Hakuacha kitabu. Nani ajuaye aliporudi Pangani aliwaelezaje watu barazani, na kwa neno gani. Mimi ningetoa vitabu vyote vya Meyer nipate jioni moja ya barazani hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambazo sizipendi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 asilimia kama 85 ya hiyo ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na watafiti waliotabiri kwamba ingetoweka kabisa kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka, na kuna watu wamelifanya hilo kuwa hoja ya kupuuza kila kitu, ambayo ni tabia ya Cooley kwa nguo mpya. Ukweli una kona zake. Kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokuwa kavu zaidi na theluji mpya kupungua, na joto la dunia likaongeza yake. Wala si kweli, kama tunavyosema sana vijiweni, kwamba mifongo yetu inakauka kwa sababu barafu inakwisha. Maji ya mlima kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvua ya msituni, chini kabisa ya barafu. Anayetaka kutetea maji atetee msitu.

Kwa hiyo tukiulizwa tunapoteza nini hasa, maji si jibu. Ni lile swali la asubuhi. Bibi aliukuta mlima na kofia nzito. Mama yangu anaikumbuka ikiwa imepungua. Mimi nimeikuta vipande. Kwenye lebo za bia na chupa za maji kofia bado ni ile ya bibi, nzima. Mpwa wangu wa darasa la pili akichora mlima anaiga lebo, haigi dirisha.

Nimeanza kukusanya picha. Si za wapiga picha wa kitalii, hizo zipo tele. Natafuta za kwetu: harusi, kipaimara, sherehe za kuhitimu, mtu kasimama kando ya Land Rover isiyo yake. Wapiga picha wa Moshi wa zamani walipenda kumsimamisha mtu mlima ukiwa nyuma. Picha ya kipaimara ya mama yangu ni ya 1974, na nyuma yake kuna tarehe kwa kalamu ya wino. Yeye anaangalia viatu vyake vipya. Nyuma ya bega lake la kushoto, weupe unashuka chini mno, mpaka pale ambapo leo ni mwamba mtupu. Hakuna aliyekuwa anaupiga picha ule weupe, umeingia tu. Kama nyumbani kwenu kuna albamu ya namna hiyo, tazama nyuma ya vichwa vya watu, halafu geuza uone kama kuna tarehe.