Mitambo ya Bendera na Shajara Iliyookotwa

Ilikuwa Juni 1965, nchi ya Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, ikiwa ingali mikononi mwa waasi, ndipo viongozi wao walipoamuru, kinyume cha rai ya mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara, kiongozi wa Wakuba, aliyevuka Ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili akijiita Tatu, kwamba Wakuba na Wanyarwanda waihujumu ngome ya Bendera, upande wa kusini, iliyolinda mitambo ya maji iliyoupatia umeme mji wa Albertville, ndio Kalemie ya leo. Hujuma ya tarehe 29 ilishindwa: Wakuba wanne waliuawa, na shajara iliyookotwa kwa maiti ikawadhihirishia mahasimu wao kuwa nyuma ya waasi ilikuwapo dola ya kigeni. Kwangu mimi, shajara ile ina uzito kuliko mapigano yenyewe, kwani iliwafichua wahujumu, ilhali walioukata umeme wa Ukraine Disemba 2015 kwa njia ya intaneti hawakuacha maiti wala mfuko wa kupekuliwa, na kuwatambua kulihitaji uchunguzi wa mafundi. Majeshi ya serikali yaliitwaa Fizi mwezi wa Oktoba. Guevara akaondoka Novemba. Mitambo ya Bendera haikutekwa katika hujuma ile.