Mkasa wa maji ya Walkerton

Mkasa wa maji ya Walkerton ni mlipuko wa ugonjwa uliotokea Mei 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, nchini Kanada, baada ya maji ya bomba ya mji huo kuchafuliwa na vimelea kutoka kinyesi cha ng'ombe. Watu 7 walifariki na takriban 2,300 waliugua, katika mji uliokuwa na wakazi wapatao 4,800. Vimelea vilivyohusika vilikuwa bakteria ya Escherichia coli aina ya O157:H7 pamoja na Campylobacter jejuni.

Mkasa huu hutajwa mara nyingi katika masomo ya afya ya jamii na utawala wa serikali za mitaa. Bakteria hao huuawa kwa urahisi na klorini, na Walkerton ilikuwa na klorini.

Mji na huduma yake ya maji

Walkerton uko katika kaunti ya Bruce, kaskazini-magharibi mwa Toronto, kando ya mto Saugeen. Eneo linalouzunguka ni la kilimo na ufugaji wa ng'ombe. Tarehe 1 Januari 1999 mji huo uliunganishwa na halmashauri mbili jirani za vijijini, Brant na Greenock, kuwa manispaa moja iitwayo Brockton. Muungano huo ulikuwa sehemu ya mpango wa serikali ya jimbo wa kupunguza idadi ya halmashauri.

Maji hayakuendeshwa na halmashauri moja kwa moja, bali na Bodi ya Huduma za Umma ya Walkerton. Wajumbe wa bodi walishughulikia bajeti na ada za wateja. Kuhusu ubora wa maji walijua machache, na karibu kila jambo la kitaalamu walimwachia meneja mkuu, Stan Koebel. Msimamizi wa kazi alikuwa mdogo wake, Frank Koebel. Wote wawili walijifunza kazi hiyo kwa kuifanya, na vyeti vyao vya uendeshaji walivipata kwa kutambuliwa uzoefu wao, bila kusoma kozi wala kufanya mtihani.

Mwaka 2000 mji ulitumia visima vitatu, yaani namba 5, 6 na 7. Maji yake hayakuchujwa. Yalivutwa kutoka ardhini, yakatiwa klorini, kisha yakaingia moja kwa moja kwenye mabomba.

Kisima namba 5

Kisima hiki kilichimbwa mwaka 1978 pembezoni mwa mji. Kilikuwa kifupi: kina chake kilikuwa mita 15 tu, na maji yake yaliingia kupitia nyufa za mwamba zilizokuwa kati ya mita 5 na 8 hivi chini ya ardhi. Udongo uliofunika mwamba ulikuwa mwembamba. Katika mahali pa namna hiyo maji ya mvua hayachujwi vya kutosha na udongo. Hupenya haraka hadi kwenye nyufa, yakibeba chochote kilichoko juu.

Udhaifu huo ulionekana tangu mwanzo. Majaribio ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba kuvuta maji kisimani kuliathiri chemchemi zilizo karibu, na dalili za bakteria zilipatikana. Mshauri wa kitaalamu alipendekeza mji ufikirie kudhibiti matumizi ya ardhi inayokizunguka kisima, lakini hilo halikufanyika. Wizara ya Mazingira ya Ontario ilikipa kisima kibali bila kuweka masharti ya uendeshaji. Miaka ya 1990 kanuni za jimbo zilipotaka visima vya namna hiyo viwe na mitambo ya kupima klorini na uchafu wa maji mfululizo, hakuna aliyerudi kukikagua upya.

Klorini na kumbukumbu zake

Klorini inapotiwa majini, sehemu yake hutumika kupambana na uchafu uliomo. Inayosalia huitwa klorini baki, nayo ndiyo inayopimwa. Maji yakiwa safi, klorini baki hubaki juu. Maji yakichafuka ghafla, hushuka au hutoweka kabisa. Kwa hiyo kipimo hicho kina kazi mbili: kinaonyesha kwamba maji yametibiwa, na ni kengele ya hatari inayolia mapema kuliko majibu ya maabara, ambayo huchukua siku moja au zaidi. Mwongozo wa Ontario ulitaka maji yawe na miligramu 0.5 za klorini baki kwa lita baada ya dakika 15.

Huko Walkerton kipimo hicho kilipaswa kuchukuliwa kila siku katika kila kisima. Mara nyingi hakikuchukuliwa. Wafanyakazi waliandika kwenye karatasi za kila siku namba za kubuni, kwa kawaida 0.5 au 0.75, huku klorini waliyotia ikiwa pungufu ya ile iliyotakiwa. Baadhi ya wakazi walilalamikia ladha ya klorini, na wafanyakazi wenyewe waliamini kwamba maji ya visima vyao yalikuwa salama kama yalivyotoka ardhini. Walikuwa wakiyanywa bila kutibiwa. Hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu uchunguzi uliofuata haukuona nia ya kudhuru watu. Uliona mazoea ya miaka mingi yaliyokuwa hayajawahi kumgharimu mtu.

Sampuli za maabara nazo ziliandikwa vibaya. Chupa iliyojazwa mahali pamoja ilipewa jina la mahali pengine, ili kuepuka safari ya kuzunguka mji. Wakaguzi wa wizara walifika mara kadhaa. Ripoti ya ukaguzi wa 1998 ilitaja upungufu wa klorini na kupatikana kwa E. coli katika baadhi ya sampuli. Meneja aliahidi kurekebisha, bodi iliridhika na ahadi yake, na wizara haikufuatilia.

Kulikuwa na badiliko jingine kwenye ngazi ya jimbo. Mwaka 1996 serikali ya waziri mkuu Mike Harris, katika kubana matumizi, iliacha kupima maji ya halmashauri katika maabara za serikali, na kazi hiyo ikaenda kwa maabara binafsi. Haikutungwa kanuni ya kuzilazimisha maabara hizo kuziarifu mamlaka za afya zikikuta maji machafu. Kwa sheria ya wakati huo ilitosha majibu kurudishwa kwa mteja aliyelipia kipimo.

Mei 2000

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei ilinyesha mvua kubwa, jumla ya milimita 134, na zaidi ya nusu yake ilinyesha siku ya mwisho. Karibu na kisima namba 5 kulikuwa na shamba la ng'ombe ambalo samadi ilikuwa imetandazwa mwishoni mwa Aprili. Mwenye shamba alifuata taratibu nzuri za kilimo, na baadaye uchunguzi ulisema wazi kwamba hakuwa na lawama. Mvua ilisomba bakteria hadi kwenye nyufa za mwamba, na kwa siku kadhaa kisima namba 5 ndicho kilichokuwa chanzo kikuu cha maji ya mji. Karatasi za siku hizo ziliendelea kuonyesha klorini 0.75.

Jumatatu tarehe 15 kisima namba 5 kilizimwa, na kisima namba 7 kikafanya kazi mpaka tarehe 19 bila klorini yoyote. Mashine yake mpya ya klorini ilikuwa imekaa stoo kwa zaidi ya mwaka ikisubiri kufungwa. Siku hiyo ya tarehe 15 sampuli zilipelekwa maabara. Jumatano tarehe 17 maabara ilimjulisha meneja kwamba E. coli ilipatikana katika maji. Hakuna mwingine aliyearifiwa, si wizara wala idara ya afya.

Watu walianza kuugua kwa wingi tarehe 18, wakiwa na maumivu makali ya tumbo na kuhara damu. Ijumaa tarehe 19 daktari wa watoto katika mji wa Owen Sound, aliyepokea wagonjwa wawili kutoka Walkerton, aliitaarifu idara ya afya. Maofisa wa idara walimpigia simu meneja wa maji, naye akajibu kwamba maji hayana tatizo. Wakati huohuo alikuwa akisafisha mabomba na kuongeza klorini kwa siri, akitarajia sampuli zinazofuata zitakuwa safi. Maofisa wakaanza kutafuta chanzo katika chakula. Jumamosi waliuliza tena, wakapata jibu lilelile. Siku hiyohiyo mfanyakazi mmoja wa huduma ya maji aliipigia wizara simu bila kujitambulisha, akaeleza kuwa kuna sampuli zilizoshindwa vipimo.

Jumapili tarehe 21 mganga mkuu wa afya wa eneo hilo, Dk. Murray McQuigge, hakusubiri uthibitisho zaidi. Alitoa tangazo kwamba wakazi wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Lilitangazwa redioni, lakini ilikuwa wikendi ya sikukuu na wapo ambao hawakulisikia. Idara yake ilichukua sampuli zake yenyewe. Mtu wa kwanza alifariki tarehe 22. Majibu yalipotoka tarehe 23 na kuthibitisha E. coli, ndipo meneja alipokiri kuhusu majibu ya tarehe 17. Kabla ya hapo karatasi ya kisima namba 7 ilikuwa imeandikwa upya ili kuficha kwamba kisima kilifanya kazi bila klorini.

Ugonjwa

E. coli aina ya O157:H7 huishi katika utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru mnyama. Kwa binadamu hutoa sumu inayoharibu utumbo, na kwa baadhi ya wagonjwa sumu hiyo hushambulia chembe nyekundu za damu na figo. Watoto wadogo na wazee ndio walio hatarini zaidi. Dalili huanza siku tatu au nne baada ya kumeza bakteria, ndiyo maana mji ulikuwa umekunywa maji hayo kwa siku kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana. Huko Walkerton wagonjwa 65 walilazwa hospitalini, na 27 kati yao walipata madhara ya figo, wengi wakiwa watoto. Agizo la kuchemsha maji lilidumu hadi tarehe 5 Desemba 2000, baada ya mabomba ya mji kusafishwa na mengine kubadilishwa.

Uchunguzi wa hadhara

Serikali ya Ontario ilimteua jaji Dennis O'Connor kuongoza uchunguzi. Vikao vilifanyika Walkerton kwenyewe, na mashahidi zaidi ya 100 walisikilizwa, akiwemo waziri mkuu Harris. Sehemu ya kwanza ya ripoti ilitolewa Januari 2002 na ya pili Mei mwaka huo.

O'Connor aligawa lawama. Waendeshaji walikosa kwa kutotia klorini ya kutosha, kughushi kumbukumbu na kuficha majibu. Wajumbe wa bodi hawakuitikia ipasavyo ripoti ya ukaguzi ya 1998. Wizara ilishindwa kukikagua kisima na kufuatilia makosa iliyokuwa imeyaona, na kupunguzwa kwa bajeti yake kulidhoofisha ukaguzi huo. Serikali ya jimbo ilibinafsisha upimaji wa maji bila kanuni ya kutoa taarifa.

Hitimisho mbili zake zinatajwa zaidi. La kwanza ni kwamba mtambo wa kupima klorini na uchafu mfululizo katika kisima namba 5, wenye uwezo wa kutoa ishara na kuzima pampu wenyewe, ungezuia mlipuko. La pili linahusu simu ya tarehe 19: kama meneja angesema ukweli siku hiyo, agizo la kuchemsha maji lingetolewa mapema na watu kati ya 300 na 400 pengine wasingeugua. Jaji aliongeza kwamba vifo vyenyewe huenda visingezuilika kwa hatua hiyo, kwa kuwa waliofariki walikuwa tayari wamekwisha kuambukizwa.

Baada ya uchunguzi

Kanuni ya kuzilazimisha maabara kutoa taarifa ilitungwa Agosti 2000, hata kabla uchunguzi haujakamilika. Ontario ilipitisha Sheria ya Maji Salama ya Kunywa mwaka 2002, na mwaka 2006 Sheria ya Maji Safi, inayolinda vyanzo vya maji kwa kudhibiti shughuli zinazofanyika juu yake. Mwaka 2004 kituo cha kuwafunza waendeshaji wa mitambo ya maji kilianzishwa Walkerton, kikilenga hasa wale wa miji midogo na vijiji. Wenye vyeti vilivyopatikana kwa uzoefu tu walitakiwa kufanya mitihani.

Sheria ya 2002 ina kifungu kinachowagusa madiwani. Mtu yeyote anayefanya maamuzi juu ya huduma ya maji ya manispaa anawajibika yeye binafsi kuwa na uangalifu unaostahili, na akiupuuza anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kifungu hicho kilianza kutumika rasmi miaka kumi baadaye.

Ndugu wawili wa Koebel walikiri kosa mahakamani mwaka 2004. Stan alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jela na Frank kifungo cha nyumbani cha miezi tisa. Kisima namba 5 kilifungwa moja kwa moja. Wakazi walilipwa fidia iliyozidi dola za Kanada milioni 70 kwa jumla. Kila aliyestahili alipata angalau dola 2,000, na walioumia zaidi walipata zaidi. Watafiti waliowafuatilia wakazi hadi mwaka 2008 walikuta kwamba walioharisha sana mwaka 2000 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu na matatizo ya figo kuliko majirani zao ambao hawakuugua.