Nasaba ya Ndama wa Birongo

Birongo, huku Nyaribari Chache, Gusii, si nchi ya farasi. Farasi walizalishwa kwingine, katika mashamba ya walowezi kama Njoro, ambako Charles Clutterbuck aliwafunza farasi wa mbio na binti yake, Beryl Markham, akakulia mazizini hadi akawa mkufunzi mashuhuri. Mtoto wa farasi wa mbio huzaliwa na ukoo ulioandikwa: Waingereza wana daftari la nasaba hizo tangu 1791. Nalitaja daftari hilo kwa sababu ndama wa Gusii naye alikuwa na nasaba iliyojulikana. Haikuandikwa, ila ilikuwapo, na namna ilivyopotea ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Nasaba hiyo iliwekwa na mahari. Kwa desturi ya Abagusii, kijana alioa kwa ng'ombe walioletwa na dada yake, mtoto wa mama mmoja naye. Basi kila ng'ombe zizini alikuwa na habari zake: ametoka ukoo gani, ameletwa kwa ajili ya binti yupi, na amemwozea kaka yupi. Ndama alipozaliwa aliingia katika habari hizo moja kwa moja, na mzee aliweza kukueleza ukoo wake bila kusitasita, kwani kuusahau ndiko kulikoleta kesi.

Malezi yenyewe yalikuwa kazi ya vijana. Ng'ombe hawakulala nyumbani kwa baba. Walilala katika egesarate, kambi ya malisho yenye ua imara, ambako vijana waliokwisha kutahiriwa walilinda usiku dhidi ya wavamizi, hasa Wakipsigis na Wamaasai. Ng'ombe hao walikuwa zebu wadogo wenye nundu, na zebu hashushi maziwa bila kumwona mwanawe. Ndama alifunguliwa anyonye kidogo, akatengwa, mama akakamuliwa, kisha ndama akarudishwa amalize yaliyobaki. Mkamuaji mwenye pupa aliua ndama, na aliyeua ndama alikuwa amepunguza mahari ya mtu. Sijui chuo kilichofunza ufugaji kwa ukali zaidi ya huo.

Chuo hicho kilivunjwa kwa mapigo yaliyofuatana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka Pembe ya Afrika ikafyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1905 likaja jeshi la Waingereza. Mwaka 1908, baada ya Otenyo, mpiganaji wa Gusii, kumchoma mkuki afisa Northcote, likarudi, likaua watu, likachoma nyumba na kuswaga maelfu ya mifugo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ikapiga marufuku ebisarate (wingi wa egesarate), kwa kuwa kambi ya vijana wenye mikuki ilikuwa kambi ya askari machoni pake. Ng'ombe wakarudi nyumbani.

Nyumbani nako nafasi ikapungua. Kahawa ilianza miaka ya 1930, pareto na chai zikafuata, watu wakaongezeka, mashamba yakagawanywa. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ukawafungulia wakulima Waafrika mlango wa ng'ombe wa maziwa wa kizungu, na kituo cha upandishaji cha Kabete, kilichoanzishwa 1946, kikasambaza mbegu za mafahali bora. Baada ya uhuru gari la serikali lenye mbegu hizo lilipita barabarani asubuhi, na mfugaji alisubiri kando ya njia na ng'ombe wake kibandani. Freshiani na Airshaya wakachukua nafasi ya zebu.

Leo ndama wa Birongo hukulia bandani nyuma ya jikoni, na mara nyingi mlezi wake ni mama wa nyumba. Ndiye anayehakikisha amepata dang'a katika saa sita za kwanza, kwa kuwa ndama huzaliwa bila kinga na tumbo lake huacha kuipokea kabla siku haijaisha. Ndiye anayetia ayodini kitovuni, anayekata majani ya nepia, na anayempapasa chini ya sikio: tezi ikivimba na joto likipanda, ni ndigana kali ya kupe, na asipotibiwa mapema atakufa. Kazi hii ni kubwa, na haiheshimiwi kama ile ya vijana wa egesarate. Ingestahili heshima hiyo hiyo.

Kilichopotea ni ukoo. Tangu huduma ya upandishaji ilipoachiwa watu binafsi miaka ya 1990, mhimilishaji huja kwa pikipiki na mtungi wa naitrojeni, afanye kazi yake na kuondoka. Mrija wa mbegu una jina na namba ya fahali, lakini mara nyingi hutupwa hapo hapo bandani. Miaka miwili baadaye mtamba anapandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe bila mtu kujua, na kinachofuata ni ndama dhaifu, maziwa haba, na mimba zisizoshika.

Dawa yake ni kadi. Iandikwe siku ya kupandishwa, jina na namba ya fahali, jina la mama wa ndama na la bibi yake, na siku ya kuzaliwa, kisha itunzwe pamoja na hati za shamba. Mtamba anapouzwa kadi imfuate, na mnunuzi anayejua kazi yake aidai kabla ya kutoa pesa.