Ripoti Zilizobaki Mezani

Mwaka wa shule na mwaka wa Kanisa hupishana mlangoni. Shule zetu za msingi hufungwa mapema Desemba, wakati sisi tumekwisha kuwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio na kuanza mwaka mpya wa ibada. Walimu wanafunga daftari la mahudhurio, nasi tunafungua kitabu cha masomo ya mwaka. Kwa miaka mingi hatukuona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano wowote. Tulikuja kuuona katika Delta ya Rufiji.

Desemba moja tulialikwa kwenye siku ya kufunga shule katika kijiji kimoja cha delta, wilayani Kibiti. Tulikuwa wanne kutoka usharikani: mchungaji, mwinjilisti na akina mama wawili wa kikundi cha wanawake. Tulikuwa na katoni mbili za madaftari kwa ajili ya watoto waliofanya vizuri. Barabara ilipoishia tukangoja maji yajae, kisha kijana mdogo mwenye pondo refu akatupakia kwenye mtumbwi na kutupitisha katikati ya mikoko mpaka kijijini.

Sherehe ilikuwa nzuri. Watoto waliimba, shekhe wa kijiji aliomba dua, nasi tukapewa nafasi ya kusema neno. Kisha Mwalimu Mkuu akaanza kugawa ripoti, darasa kwa darasa. Alisoma jina, mtoto akasimama, mzazi akapiga makofi. Lakini kila darasa lilikuwa na majina yasiyoitikiwa. Mwalimu aliyasoma mara mbili, akangoja kidogo, akaiweka ripoti pembeni. Shughuli ilipokwisha, mezani palikuwa na rundo la ripoti ambazo hazikuwa na mtu wa kuzichukua. Katoni zetu zilikuwa tupu, tukapigwa picha na washindi.

Wakati wa kurudi, kijana yule yule alitusubiri. Mmoja wa akina mama akamwuliza, "Mwanangu, wewe unasoma darasa la ngapi?"

"Nilikuwa la tano, mama."

"Na sasa?"

"Baba yuko dago. Mimi navusha watu."

Akasukuma pondo mara mbili tatu, halafu akauliza, "Jina langu wamelisoma?"

Tulimjibu kwamba majina yote yalisomwa. Tulipofika tulimlipa nauli yake. Tulikuwa tumekwisha kupanda gari ndipo tukatambua kwamba nauli ile ndiyo iliyokuwa imemtoa darasani, na kwamba tulikuwa tumeileta sisi, tukiwa njiani kwenda kuwapongeza wenzake.

Tangu siku ile tumejiuliza jinsi rundo lile la ripoti lilivyopatikana. Halikuanza na mtoto yule wala na baba yake. Lina historia, na Kanisa letu limo ndani yake.

Elimu iliyokuja na bendera

Watu wa delta na bonde lake, Wanyagatwa, Wandengereko, Warufiji na jirani zao Wamatumbi, hawakuwa watu wasiojua kusoma kabla ya Wazungu. Kama kwingine pwani, watoto walikwenda chuoni kusoma Kurani, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Serikali ya Kijerumani ilipoanzisha shule zake mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwanza Tanga, ilitaka makarani na maakida wa kuandika kwa herufi za Kirumi. Kwa mtu wa Rufiji, basi, shule ya serikali ilikuja pamoja na kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliipa jina vita ya Maji Maji, alinyongwa Mohoro, palipokuwa na boma la Wajerumani. Mzee aliyeona boma hilo likinyonga watu angempeleka mjukuu wake kwa moyo gani katika shule ya wenye boma?

Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamefika. Johann Jakob Greiner alianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, na kabla ya karne kwisha misheni ilikuwa na vituo Kisarawe na Maneromango, katika vilima vya Uzaramo. Tunawashukuru, kwa maana wengi wetu ni matunda ya shule zao. Lakini shule za misheni zilishika mizizi zaidi kule ambako watu walikubali ubatizo: Usambara, Kilimanjaro, Bukoba, nyanda za juu za kusini. Pwani ya Waislamu ilibaki nyuma. Mzazi Mwislamu aliona kwamba mwanawe akienda kusoma huenda akarudi na jina jingine, na hatuwezi kusema kwamba hofu yake haikuwa na msingi. Kwa wengi katika misheni shule ilikuwa mlango wa kanisani.

Dunia ya nje iliisikia delta kwa jambo jingine. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikondo ya mto huu, ilishambuliwa na meli za Waingereza mpaka ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya chuma kile. Juu ya watoto waliokuwa wakivua kamba karibu yake vimeandikwa vichache mno.

Ahadi ya shule kwa kila mtoto

Baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliyaona majeraha hayo. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na mwaka uliofuata Operesheni Rufiji ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa sehemu za juu, kwa ahadi ya shule, zahanati na maji. Shule zilijengwa kweli. Lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni, na watu wakaendelea kuufuata kila msimu.

Mwaka 1969 Bunge lilitunga Sheria ya Elimu iliyoweka shule nyingi za makanisa chini ya serikali. Wazee wetu waliumia. Walikuwa wamefyatua matofali kwa mikono yao, na kibao cha usharika kiliondolewa mlangoni. Hata hivyo, sisi tuliozaliwa baadaye tunaona jambo ambalo lilikuwa gumu kuonekana siku zile. Mtoto wa Kiislamu aliweza sasa kuingia darasani bila baba yake kuogopa. Kanisa lilipoteza majengo, na jirani yetu akapata shule. Anayeihubiri neema isiyolipiwa asione ajabu akiombwa kutoa bila kurudishiwa.

Mwaka 1974, kule Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi iwe kwa wote, na mpango huo ulishika kasi mwaka 1977. Kisha zikaja shida za uchumi, ada na michango ikarudi, na madawati yakapungua watu. Ada ilifutwa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, na kuanzia mwaka 2016 serikali ikatekeleza elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliunganisha kingo mbili za Rufiji. Kwa sheria na kwa barabara, mlango uko wazi kuliko wakati wowote.

Kwa nini basi ripoti zinabaki mezani?

Kalenda mbili

Sababu moja ni kwamba delta ina kalenda mbili. Kalenda ya shule huanza Januari na kuisha Desemba. Kalenda ya mto huanza mvua zinapokaribia, na Desemba hiyo hiyo shule inapofungwa, familia zinaandaa mashamba ya mpunga. Wengi huhamia mashambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na mlinzi aone mbali. Ndege hula mpunga mchana, nguruwe na viboko huja usiku, na mwenye macho makali na muda wa kukaa ni mtoto. Januari kengele inapogongwa, mtoto yuko dunguni. Akirudi baada ya mavuno, wenzake wamefika mbali. Anakaa nyuma kwa aibu, na baadaye haji tena. Kwa mvuvi ni hivyo hivyo: baba akienda dago miezi kadhaa, mwana mkubwa huwa ndiye baba wa nyumba.

Mzazi huyu si mjinga wala hachukii elimu. Mpunga ukiliwa na ndege hakuna chakula, na mtoto mwenye njaa hasomi. Tunaosema kwa wepesi kwamba watu wa pwani hawapendi shule tungelala dunguni usiku mmoja kwanza.

Yapo pia mapigo ya miaka ya karibuni. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti na jirani zake ziliishi katika hofu, wakati watu wenye silaha walipoua viongozi wa vijiji na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa eneo la Mkengeni. Wenyeviti na watendaji, ambao ndio hufuatilia watoto watoro, walikuwa wenyewe wanawindwa. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji na Kibiti, yakazamisha nyumba na mashamba na kuzingira shule, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaipiga pwani hii. Kila pigo la namna hii huongeza ripoti chache kwenye rundo.

Mchungaji aliyehesabu

Sisi Walutheri tuna urithi katika jambo hili. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, za wavulana na za wasichana. Alijua hoja ya wazazi kwamba watoto wanahitajika kazini, na hakuwatukana. Alipendekeza mtoto asome saa moja au mbili kwa siku, kisha arudi nyumbani kufanya kazi. Mwaka 1530 aliandika hotuba ndefu akiwahimiza wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Alitaka yote mawili, kazi ya nyumbani na darasa, akatafuta njia vikae pamoja.

Lakini urithi wetu mkubwa ni ule wa Luka 15. Mchungaji wa mfano ule alikuwa na kondoo mia. Kama angehesabu waliopo tu, angefurahi jioni ile na kulala. Yeye alihesabu na asiyekuwepo, ndiyo maana alitoka kumtafuta. Siku ya kufunga shule sisi tulihesabu waliopo, tukawapa madaftari na kuwapiga picha. Hilo halikuwa kosa, maana mtoto aliyejitahidi anastahili pongezi. Kosa letu lilikuwa kuondoka bila kuuliza juu ya lile rundo.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa usharika wowote. Kwanza, sadaka yetu kwa shule isisubiri Desemba. Ipelekwe Januari, na iwe unga na maharage ya mlo wa mchana, ili mama aone faida ya kumrudisha mtoto kabla ya mavuno. Pili, tukae na shekhe, mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule, na kumwomba Mwalimu Mkuu orodha ya wasiofika, kisha twende nyumba kwa nyumba pamoja. Tukienda na shekhe hakuna atakayeogopa kwamba tunatafuta waumini, na ni kweli tusiwatafute kwa njia hiyo. Tatu, tuwajulishe wazazi kwamba mlango haujafungwa. Upo mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi darasani.

Baadhi yetu watauliza, hawa si wa usharika wetu, inatuhusu nini? Tunajibu kwamba katika ule mfano mwingine wa Luka, yule Msamaria hakuuliza aliyelala njiani ni wa dini gani. Na kuna deni. Kwa miaka mingi Kanisa lilijenga shule pale lilipotarajia kuvuna wabatizwa. Kumhudumia mtoto wa delta bila kutarajia chochote ni njia yetu ya kutubu kwa matendo.

Januari iliyofuata tulirudi kijijini. Mwalimu Mkuu alifungua kabati akatutolea ripoti zile, zimefungwa kwa kamba. Tulitembea na shekhe siku mbili, kwa miguu na kwa mtumbwi. Wengine tuliwakuta dunguni, wengine walikuwa wamehamia mbali na hatukuwapata. Mama wa yule kijana aliipokea ripoti, akaigeuza, akauliza imeandikwa nini. Tulimsomea alama za muhula wa kwanza, ambazo zilikuwa nzuri, na mahali pa muhula wa pili palipokuwa patupu. Akasema atazungumza na baba yake akirudi kutoka dago.

Hatujui bado jibu litakuwa nini. Majilio ni kungoja, lakini ni kungoja kwa mtu aliyewasha taa na kusimama mlangoni. Desemba hii, shule ya karibu nawe itakapofungwa, nenda ukapige makofi. Kisha, watu wakianza kuondoka, mwombe mwalimu akuonyeshe ripoti zilizobaki mezani.