Motere ya boti ya okazyo, kitabu chake kiko wapi?

Mutu wa Katoyi anayenunua motere ya okazyo kwa boti ya ziwa Kivu, mara mingi anaambiwa tu: "Iko muzima." Kitabu kilishapotea.

Tafuta plake. Kwa Yamaha iko upande wa kushoto, pale motere inafungwa kwa boti. Soma modeli na namba, piga picha, kisha tafuta kitabu cha modeli ile ile kwenye intaneti. Yamaha inavitoa bure. Usiazime cha motere ingine: kipimo cha esanse na oili kinaweza kuwa 50 kwa 1 ama 100 kwa 1. Oili ikikosekana, pistoni inakwama katikati ya ziwa, na watu ndani.

Kila buji inayobadilishwa, andika tarehe katika kaye. Kaye na fakitire vikae nyumbani, ndani ya sashe. Kwenye boti maji itaviharibu.