Daraja la Regensburg na Kinyongo cha Mto

Kiangazi cha mwaka 1135 kilikuwa kikavu kupita kiasi, na maji ya mto Danube yakapungua mno. Mafundi wa Regensburg, mji wa Bavaria kusini mwa Ujerumani, wakaingia mtoni kuweka misingi ya nguzo. Kufikia 1146 walikuwa wamemaliza daraja la mawe lenye matao 16, urefu wake unapita mita 300. Mwaka uliofuata Mfalme Konrad wa Tatu aliondokea mjini humo na jeshi lake la Vita vya Msalaba.

Wenyeji husimulia kuwa fundi alisaidiwa na shetani, akaahidi kumlipa roho tatu za kwanza kuvuka. Kisha akawatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Hadithi tamu, ila inawadhulumu mafundi. Siri yao iko chini, majini. Kila nguzo imezungukwa na kisiwa chembamba chenye umbo la mtumbwi: magogo yalipigiliwa mtoni, katikati yakajazwa mawe, mkondo usije ukachimbua msingi. Daraja la Judith la Prague, lililojengwa miongo michache baadaye, lilisombwa na mafuriko mwaka 1342. La Regensburg halikung'oka.

Gharama ya kinga hiyo waliibeba mabaharia wa mtoni. Visiwa viliubana mto, maji yakajaa upande wa juu, kisha yakafyatuka chini ya matao kwa kasi na kufanya vizingia upande wa pili. Kushuka kulikuwa kwa roho mkononi. Kupanda hakukuwezekana bila kukokotwa. Mwaka 1916 ulifungwa mtambo wa umeme wa kuvuta vyombo, ukafanya kazi hadi 1964. Katika miaka ya 1950 visiwa vilianza kupunguzwa, na nguzo zikakingwa kwa zege.

Pigo kubwa halikutoka mtoni. Tarehe 23 Aprili 1945, wanajeshi wa Ujerumani wenyewe walilipua sehemu za daraja ili kuwazuia Wamarekani. Matao yaliyobomoka yalikamilika kujengwa upya mwaka 1967.

Mji mkongwe, pamoja na daraja lake, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Magari madogo yalikwishapigwa marufuku tangu 1997, mabasi yakafuata 2008, kisha ukarabati ukachukua miaka minane, hadi 2018. Meli kubwa nazo hazigombani tena na matao: zinapita kwenye mfereji uliochimbwa kaskazini mwa mji.